Shahidi na Shahidi Wake

Chini ya Jebel Kujur, lile jabali linaloutazama mji wa Juba kutoka upande wa machweo, wanawake huketi tangu jua halijapanda, kila mmoja na kipande chake cha turubai na nyundo yake, wakiponda mawe mpaka yawe kokoto za kujengea nyumba za watu wengine. Na hapo ndipo, asubuhi moja ya kiangazi nilipotumwa na tajiri wangu kununua kokoto za lori mbili, ukingo wa machimbo ulipoporomoka ukamkamata kijana mmoja tangu mapajani hadi nyayoni. Alikuwa utingo wa lori tulilolikodi, Mnubi wa Bombo katika nchi ya Uganda, na Kiarabu chake kilikuwa ndugu wa tumbo moja na Kiarabu cha Juba, hata wale wanawake walimdhani mtoto wa mtaa wa Malakia. Dereva wake, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kuze, aliyeanza kuendesha malori ya bara kabla kijana mwenyewe hajazaliwa.

Hapakuwa na mashine ya kunyanyulia. Palikuwa na mitaimbo miwili, jeki ya lori, na mikono. Jiwe lililomlalia lilikuwa kubwa kadiri ya kitanda cha mtoto, nalo limekaa juu ya mengine madogo kwa namna ambayo kila tulipolitikisa upande huu lilizama upande wa pili, basi tukachimba kwa majembe na kwa vidole tangu saa mbili asubuhi hata alasiri ikaingia. Muda wote huo kijana alikuwa na akili zake timamu, akitutania kwamba miguu yake imelala usingizi mapema kuliko mwenyewe. Alipotoka, wanawake walipiga vigelegele, Mzee akasujudu sijida ya shukuru pale pale vumbini, nasi tukamtazama miguu tukaona michubuko tu, hakuna mfupa uliotokeza wala damu ya kutisha, tukahukumu kwa macho yetu kwamba amesalimika. Tukampeleka chumbani kwake Malakia. Alikula ful na mkate, akanywa kikombe kimoja cha chai, akaomba aletewe kandambili yake iliyobaki machimboni.

Usiku miguu ilivimba ikakaza kama ngoma iliyowambwa. Aliomba kopo, na Mzee akamulika kwa tochi ya simu, nikaona kwa macho yangu mkojo kidogo, mzito, wa rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni tangu asubuhi. "Mzee," akasema kijana, "mimi nakojoa chai." Tukacheka. Naandika neno hilo kwa haya, lakini ndilo lililokuwa: tulicheka, tukamsifu kwa ushujaa wa ulimi wake, tukamnunulia dukani vidonge vya maumivu, ambavyo nilikuja kujua baadaye kwamba kwa figo zilizo katika hali ile ni msumari juu ya kidonda. Asubuhi tulimpeleka hospitali. Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, alifariki.

Waliokusanyika maziko yakisha, chini ya mwembe, walizungumza kama watu wazungumzavyo baada ya udongo kufukiwa, na mazungumzo yakaangukia swali ambalo halijanitoka akilini tangu siku ile. Ni mashuhuri katika hadithi za Mtume kwamba aliyeangukiwa na jengo au kifusi akafa huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, pamoja na aliyekufa kwa tauni, na kwa maradhi ya tumbo, na aliyezama majini. Naye huoshwa na kusaliwa kama maiti mwingine yeyote, ila daraja yake iko kwa Mola wake. Je, huyu wetu alikuwa mmoja wao? Mtu mmoja aliyesoma kiasi akasema hapana. Alileta kiasi, yaani ulinganisho wa kifikihi, cha majeruhi wa vitani, ambaye akiondolewa uwanjani yu hai, akala, akanywa, akazungumza, akakaa mpaka vita vikaisha, kisha akafa, hukumu yake duniani si sawa na ya yule aliyefia chini ya panga. Na kijana huyu, akasema, alitoka chini ya jiwe akala ful na akaomba kandambili yake, basi jiwe lilikwisha mwachia, na mauti yake ni mauti ya kitandani kama ya watu wote. Mzee hakutia neno. Lakini tuliporudi njiani alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa: "Mwanangu, kama si jiwe lililomuua, basi ni nani? Maana baada ya jiwe hapana mkono uliomgusa ila wetu."

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Tabibu aliyempokea alikuwa kijana mpole, mwenye kuchoka, na alipoona sielewi kwa nini mtu asiyevunjika hata kidole afe, aliniketisha akanisomea majibu ya maabara mstari baada ya mstari. Potasiamu ya mtu mzima katika damu, alisema, hukaa baina ya 3.5 na 5 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ya ndugu yenu ni 7.2. Kisha akaweka kidole juu ya mstari mwingine: kreatini kinasi, ambacho ni kimeng'enya cha ndani ya misuli, na kwa kawaida hakizidi kadiri ya uniti 200 katika lita moja ya damu, kikifika 1,000 tabibu huanza kushuku kwamba misuli inavunjika, na kikipita 5,000 huanza kuziogopea figo. Karatasi yetu ilisema zaidi ya 60,000.

Naomba msomaji anistahimilie nikieleze jambo hili kwa taratibu, kwa sababu swali la chini ya mwembe haliwezi kujibiwa na asiyejua kilichotokea chini ya ngozi. Msuli uliobanwa kwa saa nyingi hukosa damu, na kuta za vijumba vyake vidogo, tuviitavyo seli, hulegea na kupasuka. Na karibu potasiamu yote ya mwili huishi ndani ya vijumba hivyo, iliyo nje ni kidogo mno, kama vile utajiri wa nyumba ulivyo sandukuni na uwanjani hapana kitu. Maadamu jiwe limelala juu, vilivyomwagika hubaki pale pale, kwa kuwa jiwe lililovunja ghala ndilo hilo hilo lililofunga mlango. Ondoa jiwe, damu hurudi miguuni kwa furaha, huchukua kila kilichomwagika, hukipeleka moyoni. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, nayo yaweza kumwangusha mtu katika dakika chache tangu kuokolewa, tabasamu lingali usoni. Akiepukana na hiyo, hufuata mayoglobini, ile rangi nyekundu ya nyama ya msuli, ambayo hupita katika damu hadi figoni, ikatia mkojo rangi ya chai, na kwa mwenye kukaukiwa maji ikaziba vijifereji vya figo na kuvidhuru. Hiyo ndiyo chai tuliyoicheka.

Kreatini kinasi ni kitu cha namna nyingine kabisa, na hapa ndipo ilimu ya maabara inaponikumbusha mambo ya kadhi na mahakama. Kwanza, hakiui. Mtu aweza kuwa nacho maelfu kwa maelfu na kimeng'enya chenyewe kisimdhuru hata unywele. Pili, hakina haraka: huanza kupanda baada ya saa chache, hufika kileleni siku ya kwanza hadi ya tatu, kisha hushuka polepole siku baada ya siku. Mayoglobini ndiyo yenye hatia, na kama wahalifu wengi haikai mahali pa tukio; baada ya saa mbili tatu nusu yake imekwisha toweka katika damu, na baada ya siku moja huenda tabibu asiione tena, akadhani hapakuwa na kitu. Kimeng'enya hubaki, kimesimama mlangoni kwa utulivu, kikisema: nilikuwa ndani, nyumba ikavunjwa, nami nikatupwa nje. Shahidi ndiye huyo. Na lugha yetu, iliyorithi neno hilo kwa Waarabu pamoja na maana zake mbili, ilikuwa imeniwekea jibu kabla sijajua kuuliza: shahidi aliyekufa alikuwa na shahidi wake wa kusema, naye alikuwa ndani ya damu yake mwenyewe.

Lakini shahidi huchunguzwa uadilifu wake kabla hajasikilizwa. Mchukuzi wa soko la Konyo Konyo aliyeshusha magunia ya unga kutwa nzima, ukimpima jioni, utamkuta na kreatini kinasi iliyopanda, naye hana ugonjwa wowote ila uchovu wa halali. Zaidi ya hayo imethibiti kwamba watu wenye asili ya Afrika, wakiwa na afya zao, huwa na kimeng'enya hiki kwa wingi kuliko Wazungu, ambao juu ya miili yao mipaka mingi ya vitabu iliwekwa. Kwa hiyo shahidi aweza kusema kweli tupu na hakimu akafahamu uongo, kwa sababu tu ya mizani iliyotengenezwa kwa kumpima mtu mwingine. Mambo haya hayabatilishi ushahidi wa 60,000, ambao hakuna gunia liwezalo kuueleza. Yanatufunza tu kwamba namba haijihukumu yenyewe.

Ulimwengu wenyewe ulichelewa kumsikia shahidi huyu. Mwaka 1941, mabomu yalipokuwa yakiangusha nyumba za London juu ya watu wake, matabibu wawili, Eric Bywaters na Desmond Beall, waliandika habari za majeruhi wanne waliochimbuliwa katika vifusi. Waliletwa hospitali wakionekana wazima kiasi, isipokuwa kiungo kilichobanwa kilikuwa kimevimba, kisha mikojo yao ikatiwa giza na kupungua. Na katika hali hiyo, waliandika, mauti huja kwa ghafula, mara nyingi kabla ya wiki kwisha. Miaka 18 kabla yao Mjapani mmoja, Seigo Minami, alikuwa amekwisha eleza figo za askari waliofukiwa katika vita vikuu vya kwanza, akaandika kwa Kijerumani, na dunia ikalala juu ya maandiko yake. Kwetu Afrika ya Mashariki mambo haya si ya kusimuliwa kutoka ng'ambo tu. Nairobi inaikumbuka tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipoangusha jengo la Ufundi na waokozi wakachimba kwa siku kadhaa. Na Juba yenyewe, mwezi Mei 1990, ilitikiswa na tetemeko kubwa kuliko mengi yaliyopata kupimwa katika bara hili, lililosikika hadi Uganda na Kenya.

Nikamsomea Mzee karatasi. Nilidhani nampa faraja. Nilimwambia kwamba jiwe halikumwachia kijana saa ile lilipoondoka juu yake. Lilikuwa limekwisha ingia ndani, na kazi yake iliendelea usiku kucha katika damu, hata yule mtu wa kiasi cha vitani alikosa katika msingi wenyewe wa kiasi chake, kwa kuwa alidhani vita vilikwisha tulipopiga vigelegele, na kumbe miguuni mwa kijana ndipo vilipokuwa vikipamba moto. Mauti yalikuwa ya kifusi. Alikufa shahidi, inshallah, na karatasi hii inashuhudia. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sawa. Lakini jiwe lilikuwa limefunga mlango, nasi ndio tuliofungua."

Hapo nilinyamaza, maana nilitambua kwamba amefika mahali ambapo wenye hekima waliomtangulia walisimama wakavutana. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alisema kwamba baina ya moto na kuungua kwa pamba hapana ulazima tunaouona kwa macho, bali ni ada tu ambayo Mwenyezi Mungu ameipitisha, akiumba kuungua pamoja na mguso. Na miongoni mwa mifano yake akataja kukata shingo pamoja na mauti, na kunywa dawa pamoja na shifaa. Ibn Rushdi, mtu wa Andalusi aliyefariki 1198, alimjibu kwamba mwenye kuziondoa sababu huiondoa na akili, kwa kuwa akili si kitu zaidi ya kuzijua sababu. Kwa mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi, katika madrasa za pwani ambako jina la Ghazali hutamkwa kwa kushusha sauti, haikuwa rahisi kukiri. Lakini mbele ya lile kopo la mkojo nilijiona naelekea kwa Ibn Rushdi. Kama kunyanyua jiwe na kusimama kwa moyo ni ada tu ya Muumba, basi angalau ni ada aliyoiandika kwa mwandiko unaosomeka, na sisi hatukuusoma.

Yapo mambo mawili katika fikihi yanayogongana juu ya kichwa cha Mzee. La kwanza ni kwamba mwenye kutenda ihsani hadaiwi. Aliyeingia kifusini kumtoa ndugu yake, akitumia njia watu waitumiayo, hana dhamana ya kilichotokea. La pili ni ile hadithi kwamba mwenye kujitia katika utabibu, naye hakujulikana kuwa na ilimu ya tiba, ana dhamana ya atakachoharibu. Kunyanyua jiwe ni lipi katika hayo mawili? Mchana ule, kwa watu waliokuwapo, ilikuwa kazi ya mabega, kama kunyanyua jiwe jingine lolote. Lakini tangu nilipoisoma karatasi siwezi kusema hivyo tena. Yule tabibu aliniambia kwamba aliyebanwa kwa muda mrefu hutiwa maji ya chumvi mshipani, kadiri ya lita moja kwa saa, kabla jiwe halijaondolewa, ili damu iwe nyingi na figo ziwe zinakojoa pale sumu itakapofika; na maji hayo yasiwe ya aina yenye potasiamu ndani yake, usije ukamwongezea adui askari; na pasipo sindano, mwenye akili zake na tumbo lake zima hunyweshwa. Kijana wetu alikaa kutwa nzima juani akiomba maji, nasi tulimpa mafunda machache, kwa kuogopa atataka kwenda haja. Basi kunyanyua jiwe ni tiba, na siku zote kulikuwa tiba. Kilichopungua kilikuwa kujua kwetu. Karatasi iliyotuvua lawama ya jana imetuvika dhamana ya kesho, na sikumwambia Mzee maneno haya kwa sababu niliona kwamba ameyafahamu kabla yangu.

Alifunga miezi miwili mfululizo. Sheikh alimweleza kwamba kafara hiyo imeamriwa kwa aliyeua kwa kukosea, naye hakuua. Mzee akabusu mkono wa sheikh, akaendelea kufunga, katika joto la Juba la mwezi Februari na Machi, akishika usukani.

Wapo watu hapa mjini, wasomi na wasio wasomi, ambao nikiwasimulia habari hii huniambia papo hapo kwamba hiyo ndiyo tarihi ya nchi yao, Sudani Kusini: jiwe lililonyanyuliwa siku ya uhuru, tarehe 9 Julai 2011, kwa ngoma na vigelegele, kisha vilivyokuwa vimezuiwa katika viungo vilivyosetwa vikapanda mpaka moyoni Desemba 2013, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Mfano ni mzuri, na uzuri wake ndio unaonitia shaka. Potasiamu haina nia. Haikuketi barazani ikashauriana, haikugawa risasi, wala haikujua jina la kabila la moyo iliousimamisha. Watu walikuwa na nia, na mwenye nia huulizwa. Sitaki kimeng'enya cha misuli kiwe udhuru wa mtu aliyeshika bunduki. Katika nchi ambayo sheria yake ya jinai ya mwaka 2008 inawaruhusu jamaa wa aliyeuawa kuchagua fidia ya damu kwa mila badala ya kumtaka muuaji anyongwe, watu wanajua vizuri kutofautisha baina ya damu iliyomwagwa na damu iliyomwagika, na sisi wageni tungefaa kujifunza kwao.

Wala simhukumu aliyesema chini ya mwembe. Alihukumu kwa zahiri, kama kadhi anavyopaswa, na zahiri ilikuwa mtu aliyekula ful. Tulipokutana tena msikitini nilimwonyesha ile namba. Aliitazama kwa muda, akauliza ni nini, nikamweleza, akasema angependa kujua kama wanazuoni wa zamani wangalibadili hukumu zao lau wangaliona karatasi kama hii. Nikamwambia sijui. Nadhani wangaliuliza kwanza, kama alivyouliza yeye, ni nani aliyeipima na kwa mizani gani.

Mwaka uliofuata nilipanda tena lori la Mzee, kutoka Nimule hadi Juba, kilomita zipatazo 190 za lami, na mahali fulani penye kivuli alisimamisha gari, akafungua mlango wa upande wangu, akaniomba niinue miguu. Chini ya kiti, zimefungwa katika kanga kuukuu na kuzungushiwa gunia lililolowanishwa, palikuwa na chupa sita za maji ya chumvi ya hospitali, mirija yake, na sindano katika bahasha zake. Nilimuuliza ni nani atakayezitia, maana yeye hata kisu cha vitunguu hushika kwa mashaka. Alisema kwamba katika njia hii amekwisha hesabu vituo vya afya, na anajua kila kimoja muuguzi wake anaitwa nani na anaishi wapi. Mara nyingi wapo, wasichokuwa nacho ni maji. Kisha akazitoa moja moja, akazisoma tarehe ya kwisha muda kwa kuzisogeza mbali na macho yake, akalimwagia lile gunia maji ya dumu, akazirudisha mahali pake, tukaendelea na safari.